Mechi ya Tatu

Sehemu ya Kwanza

Moja. Mbili. Tatu.

Hiyo ndiyo hesabu iliyowanyima usingizi watu wa Awendo mwaka wa 2019. Wala haikuwa hesabu ya mabao. Ingekuwa ya mabao, nisingekusumbua Jumamosi asubuhi chai yako haijapoa.

Ilikuwa hesabu ya mechi ambazo timu yao haikufika uwanjani.

Ya kwanza unaumia, unajifariji. Ya pili unaanza kupiga simu. Na ya tatu je?

Ngoja. Ya tatu nitakupa, ila kwanza panda matatu twende.

Tunatoka Kisii, tunateremka kuelekea Migori. Tukishaipita Rongo, miwa inatuzingira kushoto na kulia. Mbele yetu trekta linavuta tela lililosheheni, mabua yanainama yakitaka kugusa lami, na dereva wetu anachungulia akitafuta upenyo wa kulipita. Kisha pua inakuambia kabla ya macho. Harufu nzito, tamu, ya molasi.

Tumefika Awendo.

Hapa ndipo kilipo kiwanda cha South Nyanza Sugar, ambacho serikali ilikianzisha miaka ya 1970. Kwa kifupi, SoNy. Na kiwanda hicho kilikuwa na mtoto wake kipenzi, mwenye mbio na chenga: klabu ya SoNy Sugar, ya uwanja wa Green Stadium.

Langoni mwa uwanja namketisha mama mmoja na beseni la njugu. Huyu nimemchora kwa kalamu yangu, usimtafute kwa jina. Lakini nenda mji wowote wenye timu, uwe Awendo au Homa Bay, utamkuta ameketi vivyo hivyo, kurasa za magazeti ya zamani amezikunja pembe tatu.

“Mama, njugu ya ishirini.”

Anapima, anaongeza chembe mbili za mapenzi, anakupa.

Mama huyu hana haja ya kujua sheria ya kuotea. Anachojua ni kwamba mechi ya kawaida ni unga na mafuta ya taa. Klabu kubwa kama Gor Mahia ikija, hiyo ni karo.

Mshike mama huyu usimwache. Nitakurudisha kwake mwishoni, naye atakuwa amesimama mahali pagumu.

* * *

Sasa nikupe utamu kidogo kabla ya uchungu.

Mwaka 2003, 2004 na 2005, ubingwa wa Kenya ulikuwa wa timu moja tu: Ulinzi Stars, vijana wa jeshi. Miaka mitatu mfululizo. Nani angewatoa wanajeshi kwenye ngome yao?

Nairobi ilijipanga. Nakuru ilijipanga. Na mwaka 2006 kombe likachukuliwa na nani?

Na Awendo! Mji wa miwa, mji ambao wengine waliujua kama kituo cha kununua soda kabla ya kufika mpaka wa Tanzania. SoNy Sugar, mabingwa wa Kenya.

Mwaka huo huo, jirani zao wa vilimani, Shabana ya Kisii, waliiaga ligi kuu. Weka jina hilo mfukoni. Shabana. Tutalihitaji baadaye, tena huko Homa Bay.

Unajua kinachonigusa katika ubingwa ule? Ni kwamba ulipatikana kabla pesa kubwa hazijaizoea ligi yetu. Timu ililipwa na miwa. Mkulima alikata, trekta likabeba, kiwanda kikasaga, na sehemu ndogo ya utamu ule ikawa viatu, jezi, na mafuta ya basi.

Mnyororo mfupi kabisa. Ukiwa shabiki Awendo, uliweza kuutembea wote kwa miguu ndani ya asubuhi moja.

Lakini wakati huo huo kulikuwa na watu jijini waliokwisha kuona kwamba soka ni bidhaa. Mwaka 2003 klabu zilichoshwa na fujo za shirikisho la soka, zikaunda kampuni yao wenyewe ya kuendesha ligi kuu, KPL. Mwaka 2004 FIFA iliifungia Kenya kwa muda kutokana na mvutano wa uongozi. Vumbi lilipotua, klabu zilikuwa na kitu mkononi ambacho hazikuwahi kuwa nacho: ligi yao, ya kuuza wenyewe.

Na mnunuzi akaja. Alikuja na kamera.

* * *

Hapa, msomaji wangu, nataka tuvuke bahari kidogo. Usinune. Nitakurudisha Awendo kabla ugali haujaiva.

Marekani, michezo ya vyuo vikuu ni biashara ya mabilioni. Vyuo hujipanga katika ligi kubwa kubwa za kanda, na runinga hununua ligi hizo kama sisi tunavyonunua samaki Homa Bay: mnono kwanza.

Pwani ya magharibi kulikuwa na ligi iitwayo Pac-12. Vyuo kumi na viwili, historia ya zaidi ya miaka 100, uhasama mtamu wa majirani.

Tarehe 30 Juni 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kwamba vinahama. Vinaenda wapi? Kwenye Big Ten, ligi iliyozaliwa huko kati ya nchi, mwendo wa ndege wa saa kadhaa.

Kwa nini? Subiri wiki chache tu. Agosti ya mwaka huo huo Big Ten ikatia saini mkataba wa runinga wa miaka 7 unaozidi dola bilioni 7.

Umeelewa sasa?

Kiangazi kilichofuata, shimo likawa korongo. Colorado ikaondoka. Oregon na Washington zikaondoka. Arizona, Arizona State na Utah nazo zikafunga virago. Mwisho Stanford na California, vyuo vilivyo jirani na Bahari ya Pasifiki, vikajiunga na ligi ya Pwani ya Atlantiki!

Ni kama timu ya Mbita, inayoamka kila siku ikilitazama Ziwa Victoria, ijiandikishe katika ligi ya Lamu.

Wasichana wa voliboli wa UCLA sasa hupanda ndege kuvuka nchi nzima hadi New Jersey kucheza mechi ya ligi, halafu warudi darasani. Ligi haikuhamishwa kwa ajili yao. Ilihamishwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, ule unaouzwa kwa runinga. Hilo linanikera, na sitalificha.

Kumi na wawili wakabaki wawili: Oregon State na Washington State.

Washington State! Simama hapo. Wazee wa riadha wa Kenya hawahitaji kuelezwa jina hilo. Mwaka 1978 mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Henry Rono kutoka Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000, mita 3,000. Siku 81 tu!

Chuo ambacho Rono alivaa jezi yake kikaachwa stendi, mabasi yote yameondoka, kwa sababu mji wake ni mdogo na watazamaji wake wa runinga ni wachache.

Hakikuachwa kwa kukosa mechi. Wala kwa kuvunja kanuni. Hakikuwa na pesa za kutosha machoni mwa mnunuzi, basi.

Sasa rudi nami Awendo, maana huku mambo yalikwenda kinyume. Kule timu zilizifuata pesa. Kwetu timu ilikaa pale pale, na pesa ndizo zilizohama.

Zilihama mara tatu. Moja, mbili, tatu.

Unaiona hesabu ile imerudi?

* * *

Uhamaji wa kwanza ulikuwa wa kamera.

Runinga ya SuperSport ilipoinunua ligi yetu, mambo yalibadilika. Klabu zilipata mgao. Kijana wa Awendo aliyefunga bao la kichwa alionekana nje ya mipaka ya Kenya. Mawakala wakaanza kuandika majina. Bao la Green Stadium likawa na thamani hata mbali na Green Stadium.

Lakini pesa zikiingia nyumba yenye ugomvi, ugomvi hunenepa.

Ligi iwe na timu 16 au 18? Swali dogo, siyo? Mapema mwaka 2015 swali hilo liliipasua Kenya katikati. Shirikisho likaanzisha ligi yake, KPL ikaendelea na yake. Nchi moja, ligi mbili, zote zikidai kuwa kuu!

Fikiria uko kwenye kamati ya klabu. Ukienda huku, shirikisho linakununia. Ukienda kule, unazipoteza kamera. Unachagua nani?

SoNy Sugar ilikuwa upande wa KPL, upande wa kamera. Mwaka huo huo suluhu ikapatikana, ligi ikabaki na timu 16, kila mtu akapumua.

Mapema mno.

Mwaka 2017 ligi ikapanuliwa hadi timu 18. SuperSport ikasema huo si mkataba tuliotia saini, ikafungasha kamera zake na kuondoka. Timu mbili ziliongezwa mezani, na sahani ikaondolewa.

Hiyo ni moja.

* * *

Uhamaji wa pili ulikuwa wa kamari.

SportPesa ilikuwa imeingia mwaka 2015 kama mdhamini wa ligi, kwa mkataba wa miaka minne na nusu wa shilingi milioni 450. Kamera zilipoondoka, pesa hizi ndizo zilizobaki zikiishikilia ligi kama fito moja inayoshikilia paa.

Mimi sikuwahi kuzipenda pesa za kamari. Nimeona vijana wa bodaboda wakiumaliza mchango wa chama kwa mkeka mmoja wa Jumamosi. Lakini ukweli usemwe: pesa hizo zililipa nauli za wachezaji wengi.

Julai 2019 leseni ya kampuni hiyo haikurefushwa, kukiwa na mvutano na serikali kuhusu kodi. Agosti, udhamini ukasitishwa.

Agosti! Wiki chache kabla ya msimu mpya. Ratiba imechapishwa, vijana wamesajiliwa, klabu 18 zimejipanga mstarini. Kisha mfuko ukafungwa.

Hiyo ni mbili.

Na umbali ulikuwa pale pale. Kutoka Awendo kwenda Mombasa kucheza na klabu ya Bandari ni zaidi ya kilomita 800, kwenda tu. Basi linataka mafuta. Vijana wanataka kula Nairobi, kulala njiani, kula tena Mombasa. Halafu ucheze dakika 90 kwenye joto la Pwani, urudi.

Nani analipa?

Macho yote yakageukia kiwanda.

* * *

Na hapo ndipo palipokuwa na uhamaji wa tatu, ule uliouma kuliko yote, maana haukutoka ng'ambo wala Nairobi. Ulitoka nyumbani.

Sukari yenyewe ilikuwa imeacha kulipa.

Viwanda vya sukari vya serikali vilikuwa vimezama kwenye madeni. Mkulima alipeleka miwa akarudi na karatasi badala ya pesa. Mfanyakazi alihesabu miezi badala ya mshahara. Na katikati ya foleni hiyo ndefu ya wadai, akasimama kijana mwenye viatu vya mpira begani.

Sasa nikubane. Wewe ndiye meneja. Droo ina pesa kidogo. Mlangoni wapo watatu: mkulima wa miwa, fundi wa mtambo, na mshambuliaji wa timu. Unamlipa nani kwanza?

Usiangalie pembeni. Jibu.

Mimi nasema mkulima. Nasema hivyo nikiwa naumia, maana naipenda timu ile, lakini asiyemlipa mkulima hana miwa, na asiye na miwa hana timu. Ninachokataa ni ligi nzima kukaa kimya ikitazama klabu moja ikichagua kati ya watoto wake. Kampuni ya ligi ilikuwa mali ya klabu zenyewe. SoNy haikuwa mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Ilikuwa mwenye nyumba, bingwa wa zamani.

Hiyo ni tatu. Pesa zote tatu zimehama.

Sasa hesabu ile nyingine ianze.

* * *

Je, umewahi kuona mechi ya timu moja?

Refa anatoka na wasaidizi wake. Timu pinzani inatoka, inapasha misuli, inapiga danadana. Mpira umewekwa katikati. Upande wa pili wa uwanja ni nyasi tu. Kamisaa anaangalia saa. Anaangalia barabara. Anaangalia saa tena.

Kila lori likilia kwa mbali, vichwa vinageuka.

Si wao.

Muda unafika, filimbi inalia, alama tatu na mabao ya bwerere yanaandikwa. Watu wanatoka bila kupiga kelele, kama wanatoka matangani.

Moja.

Mjini Awendo watu walijipa moyo. Ni msukosuko wa msimu mpya, walisema, pesa zinatafutwa.

Kisha ikaja nyingine. Basi halikuondoka.

Mbili.

Na kanuni ilikuwa wazi, haihitaji wakili: ukikosa mechi tatu, unaondolewa. Kuteremshwa kwa pointi kuna matumaini ya Mei. Kuondolewa ni karatasi moja, sahihi moja, na jina lako linafutwa kwenye ratiba msimu ukiwa haujafika hata katikati.

Vuta picha ya yule mama wa njugu wakati huo. Beseni lake limejaa. Kila anayepita anamuuliza swali moja, “Mama, wataenda?” Kana kwamba njugu zina unabii.

Klabu iliyowatoa wanajeshi kwenye ngome. Klabu ya mabingwa wa 2006. Imebakiwa na basi moja la kwenda, au la kutokwenda.

Je, basi liliondoka?

Nikuache hapa hadi Jumamosi ijayo?

Nakuona unavyonikunjia uso. Haya, nakupa.

Halikuondoka.

Tatu.

Mwishoni mwa 2019, SoNy Sugar iliondolewa kwenye ligi kuu. Timu 18 zikawa 17, na ratiba ikaendelea na pengo lake kama mdomo uliong'olewa jino la mbele. Machi iliyofuata korona ikaisimamisha ligi nzima, Gor Mahia ikatangazwa bingwa, na Kenya ikawa na mambo mengine ya kulilia. Hakuna aliyekumbuka kuiuliza Awendo inaendeleaje.

Inaendeleaje mji ambao Jumamosi yake imechukuliwa?

* * *

Miaka ikapita. Sasa toa lile jina nililokuambia uliweke mfukoni.

Shabana! Mwaka 2023, baada ya miaka 17, walirudi ligi kuu. Kisii nzima ililipuka. Ila uwanja wa nyumbani ukaleta shida, na timu ikalazimika kuteremka kutoka vilimani hadi kwenye joto la ziwa, kucheza baadhi ya mechi zake za nyumbani Homa Bay, katika uwanja unaoitwa Raila Odinga. Ndio ule ule ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2025.

Ebu tazama mchezo wa majaliwa. Kisii ilikuwa na timu, uwanja ukawa na shida. Homa Bay ilikuwa na uwanja, haikuwa na timu ya ligi kuu. Wakaazimana kama majirani wanaoazimana jiko. Wauza samaki na waendesha bodaboda wa Homa Bay wakajikuta wana Jumamosi mpya, ya kuazima.

Ya kuazima! Shabana wangerudi kwao siku yoyote.

Na Awendo? Awendo ilikuwa na uwanja, ilikuwa na mashabiki, ilikuwa hata na harufu ya molasi hewani. Timu ya ligi kuu ndiyo iliyokosekana.

Hadi mwaka 2024.

Mwaka huo timu moja ilipanda kutoka Supa Ligi hadi ligi kuu, ikahitaji nyumba ya kuchezea. Ikaja Green Stadium. Lango likafunguliwa. Nyasi zikakatwa. Na neno lililoandikwa katika jina la timu hiyo lilikuwa lile lile watu wa Awendo walilolikosa kwa miaka mitano: Sugar.

Lakini halikutanguliwa na SoNy.

Mara Sugar, ndilo jina lake. Sukari nyingine, mfuko mwingine, vijana wengine.

Rudi sasa langoni, kama nilivyokuahidi. Mama wa njugu amesimama na beseni lake kichwani. Ndani ngoma zimeanza. Nusu ya mji imekwisha kuingia na nusu imesimama barabarani, mikono nyuma, wakitazamana. Mzee mmoja amevaa jezi ya kijani ya SoNy iliyopauka, namba mgongoni imebanduka nusu.

“Mama,” anamwambia, “ukiingia humo utakuwa umewazika wale.”

“Jaduong',” anajibu, “nisipoingia, njugu hizi atazila nani?”

Naye hajui kwamba mlango mwingine unakaribia kufunguliwa, mkubwa kuliko huu wa uwanja. Mwezi Mei 2025 serikali itakikodisha kiwanda chenyewe, SoNy, kwa mwekezaji binafsi kutoka Busia, kwa miaka 30. Na mwenye mtambo mpya huulizwa swali moja la zamani mno katika mji huu: unamlipa nani kwanza?

Mama ameteremsha beseni. Mguu mmoja uko ndani ya lango, mmoja bado uko nje. Nyuma yake, upande wa barabara, honi ya basi inalia mara mbili, na yule mzee wa jezi ya kijani anageuka ghafla, anakodoa macho, kisha anashika kichwa.

“Hapana,” anasema. “Haiwezekani. Hao si…”

Itaendelea Jumamosi ijayo.